Je, Wajua Kwa Nini Saa ya Kuchaji Basi la Umeme Nairobi Ina Uzito Sawa na Basi Lenyewe?

Basi la umeme halitoi moshi, hilo kila abiria anajionea. Lakini stima iliyomo kwenye betri yake imezalishwa mahali, na hesabu ya uchafuzi huanzia huko. Afrika Kusini, zaidi ya asilimia 80 ya umeme hutokana na makaa ya mawe, kwa hiyo basi la umeme likichajiwa Johannesburg, sehemu ya moshi huwa imehama tu kutoka barabarani hadi kwenye dohani la mtambo. Kenya mambo ni tofauti. Karibu asilimia 90 ya umeme wake hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Nairobi, yenye mpango wa kukabili mabadiliko ya tabianchi wa 2020 hadi 2050, ina bahati ambayo miji mingi mikubwa duniani inaitamani.

Ila asilimia 90 ni wastani. Umeme wa saa mbili usiku si ule ule wa saa nane usiku.

Tuanzie Olkaria, karibu na Naivasha, mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka Nairobi. Hapo maji yaliyopashwa moto na miamba hupanda kama mvuke kupitia visima vya kina cha kilomita 2 hadi 3, na tangu 1981 mvuke huo umekuwa ukizungusha turbini, mashine zinazozalisha umeme. Mvuke haujui mchana wala usiku. Kisima nacho si bomba la jikoni: ukikifunga na kukifungua kila siku, joto linaloshuka na kupanda huharibu mabomba yaliyozikwa ardhini. Kwa hiyo watu wanapolala na matumizi ya umeme kupungua, kumekuwa na nyakati ambapo mvuke huachiliwa hewani bila kuzalisha chochote. Kule Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, penye mashine za upepo za megawati 310, upepo huvuma kwa nguvu zaidi usiku, yaani wakati ambao wateja wamepungua.

Sasa geuza saa. Kati ya saa moja na saa nne usiku taa zote zinawaka, pasi ni moto, vinyozi na vibanda vya chakula viko kazini. Jua limezama, kwa hiyo paneli za umeme wa jua za Garissa hazisaidii kitu. Mwaka 2025 matumizi ya kilele yalipita megawati 2,300, na kuna sehemu za nchi zilizokatiwa umeme nyakati za jioni ili mtandao wa umeme usizidiwe. Katika saa hizo ndipo mitambo ya mafuta mazito, kama ile ya Kipevu kule Mombasa, huitwa kazini.

Basi likimaliza trip ya mwisho saa mbili na kuchomekwa papo hapo, linazidisha mzigo katika saa ambayo tone la ziada la umeme huenda likatoka kwenye mafuta. Likisubiri hadi saa tano, gari hilohilo linatumia mvuke na upepo ambao ungepotea. Hakuna teknolojia mpya inayohitajika hapo. Kinachohitajika ni ratiba, na mahali salama pa kulaza gari.

Bei tayari inasukuma upande huo. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) iliweka ada maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme: Sh16 kwa yuniti, na Sh8 katika saa ambazo matumizi yako chini, kabla ya kodi na tozo nyingine. Tupige hesabu ya mfano. Tuseme basi linakula yuniti moja kwa kilomita na linatembea kilomita 200 kwa siku. Likichajiwa usiku wa manane ni Sh1,600. Likichajiwa kwa ada ya kawaida ni Sh3,200. La dizeli linalokwenda kilomita nne kwa lita lingemeza lita 50, na kwa Sh170 lita hiyo ni Sh8,500. Mwenye gari anayesubiri hesabu yake kila jioni haelezwi mara mbili. Tofauti hii inatokana pia na injini yenyewe: ya dizeli hupoteza nguvu nyingi kama joto na huendelea kunywa mafuta hata ikikwama kwenye foleni ya Jogoo Road, ilhali mota ya umeme ikisimama haili karibu chochote, na dereva akishika breki sehemu ya nguvu hurudi kwenye betri.

Kinachowazuia wenye matatu ni bei ya kununua gari, na betri ndiyo inayoipandisha. Kampuni ya BasiGo, iliyoanza kuendesha mabasi ya umeme Nairobi mwaka 2022, ilitenganisha vitu hivyo viwili: mwenye gari ananunua basi, kisha anailipia betri kidogo kidogo kwa kila kilomita anayotembea. Naona huu ni ubunifu mkubwa kuliko basi lenyewe, kwa sababu unafuata jinsi pesa ya matatu inavyoingia, yaani kila siku.

Hapa ndipo jiji linapoweza kuukaza mpango wake wa tabianchi. Kaunti haimiliki Olkaria wala haipangi sera ya kawi ya taifa. Lakini Katiba ya 2010 iliipa barabara za kaunti, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani. Matatu nyingi hulala kwenye vituo vya mafuta au viwanja vya kukodi mitaani, ambako transfoma iliyopo inahudumia nyumba za jirani. Ukichomeka mabasi kumi hapo kwa pamoja, mtaa mzima unaweza kubaki gizani. Kaunti ikitenga viwanja vya kulaza mabasi mwishoni mwa njia, na kukubaliana mapema na Kenya Power kuhusu laini za kuvifikia, itakuwa imeondoa kikwazo ambacho mwenye gari mmoja hawezi kukiondoa peke yake. Njia za mabasi ya mwendokasi, ambazo Nairobi imezisubiri kwa miaka mingi mno, zinahitaji viwanja hivyohivyo.

Boda boda za umeme zina njia yao: dereva anabadilisha betri iliyokwisha kwa iliyojaa na kuondoka, na kituo kinaweza kuzichaji betri zake saa za umeme mwingi.

Usafiri safi kuliko wote, hata hivyo, hauchajiwi. Takriban safari 4 kati ya 10 za Nairobi hufanywa kwa miguu. Alfajiri watu hutoka Mukuru na Kibera kuelekea Eneo la Viwanda kwa makundi, wakibanana ukingoni mwa lami na malori yakiwapita hatua moja. Sera ya kaunti ya 2015 ilielekeza asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara iende kwa wanaotembea, waendesha baiskeli na usafiri wa umma. Asilimia hiyo iingizwe katika hesabu za mpango wa tabianchi, itajwe kwa shilingi na kwa jina la barabara kila mwaka, kwa sababu mtu aliyechoka kukwepa malori akipata pesa kidogo ananunua gari, na gari hilo kwa kawaida ni la petroli.