Kwa nini bendera ya Uganda ina korongo, si simba?

Bendera ya Uganda ina mistari sita: mweusi, wa njano, mwekundu, kisha rangi zilezile tena. Katikati, ndani ya duara jeupe, amesimama korongo taji, mguu mmoja juu. Wengi hudhani alichaguliwa kwa uzuri wake. Uzuri anao, ila kilichompa nafasi hiyo ni siasa.

Nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 ilikuwa na wafalme kadhaa. Buganda ilikuwa na Kabaka, Bunyoro na Tooro kila moja na Omukama wake, Ankole ilikuwa na Omugabe, Busoga na Kyabazinga. Ukienda Acholi, Lango, Teso au Karamoja, enzi za namna hiyo hazikuwapo. Sasa ishara ya nani iwekwe katikati? Simba ana mwenyewe. Yumo kwenye nembo ya Buganda, amelala chini ya ngao na mikuki, na Kabaka mwenyewe huitwa Mpologoma, yaani simba. Wakati huohuo Wanyoro walikuwa bado wanadai kaunti zao zilizopewa Buganda na Waingereza, na kura ya kuamua jambo hilo haikupigwa hadi 1964. Bendera yenye simba ingekuwa hukumu iliyotolewa kabla ya kesi.

Korongo hakuwa wa kiti chochote cha enzi. Ni kweli, kwa watu wa Buganda korongo huyu, ng'aali kwa lugha yao, ni muziro, yaani kiumbe wa mwiko, wa ukoo mmojawapo, lakini ukoo si ufalme. Tena watu walikwisha mzoea, kwa kuwa askari wa Uganda walivaa beji yake tangu enzi za Mwingereza.

Kuna kisa kimoja ambacho nadhani kingefundishwa kila shule. Serikali ya Benedicto Kiwanuka wa chama cha DP ilikuwa imeandaa bendera nyingine kabisa, ya kijani na buluu, yenye korongo wa njano. Aprili 1962 DP ikashindwa na UPC iliyoungana na Kabaka Yekka, chama ambacho jina lake maana yake ni "Kabaka tu". Washindi wakaitupa bendera ile, kijani na buluu yake. Korongo wakamwacha. Hata waliolitanguliza jina la Kabaka walikubali ndege asiye wa Kabaka.

Yaliyofuata yalikuwa mazito. Mei 1966 jeshi lilishambulia ikulu ya Kabaka pale Mengo, na Kabaka huyo, Mutesa wa Pili, aliyekuwa pia Rais hadi mapema mwaka huo, akakimbilia Uingereza. Katiba ya 1967 ikazifuta falme. Amin akaja 1971, akaondolewa 1979. Falme zikarudishwa 1993, isipokuwa ya Ankole, na katiba ya 1995 ikawakataza watawala wa jadi kuingia siasa za vyama. Katika yote hayo bendera haikuguswa. Sitasema ndege huyu aliwapatanisha watu, maana damu nyingi ilimwagika bendera ikipepea. Ninachokiona ni kwamba kila aliyeshika madaraka hakuwa na sababu ya kumng'oa, kwa sababu hakuwa alama ya adui yake.

Mtazame korongo mwenyewe, si wa kitambaa. Paji la uso ni jeusi, taji la njano limechanua nyuma ya kichwa, na chini ya kidevu ananing'iniza ngozi nyekundu. Rangi tatu za bendera ziko kichwani mwake.

Na hapo ndipo moyo unaponiuma. Tangu 2012 korongo huyu amewekwa kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hutaga kwenye vinamasi, kama vile vya Masaka na Kabale, mayai mawili au matatu juu ya majani aliyoyalaza mwenyewe katikati ya maji. Kinamasi kikichimbiwa mifereji ili kilimwe mpunga au viazi, maji yanaondoka, na kiota kinabaki nchi kavu ambapo mbwa na watoto wanakifikia kwa miguu.