Kukosa Hisia Si Kutenda Haki

Kuna hoja ninayokutana nayo kila yanapojadiliwa maadili ya akili mnemba, na safari hii nimeona heri niijibu kwa maandishi kuliko kuendelea kutabasamu kwa adabu. Hoja yenyewe husema kwamba binadamu ana chuki, upendeleo na uchovu, ilhali mashine haina lolote kati ya hayo. Kwa hiyo anayetaka uamuzi wa haki auondoe mikononi mwa watu na kuikabidhi mashine. Anayeitoa huamini kwamba ametaja tofauti kuu iliyopo kati yetu na kompyuta, tena kwa faida ya kompyuta.

Sehemu ya kwanza ya jibu nitaipita haraka. Modeli, yaani programu inayotabiri au kuamua, hujifunza kutokana na data, data ni kumbukumbu za maamuzi ya watu, na maamuzi hayo yana historia yake. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Amazon iliiacha programu ya kuchuja maombi ya kazi iliyokuwa ikiwashusha wanawake, kwa kuwa ilifunzwa kwa maombi ya miaka 10 ambayo mengi yaliletwa na wanaume. Siku hizi watu wengi wanalijua hilo, na utasikia wakisema, "Basi isafisheni data." Hapo ndipo subira huniishia, kwa sababu data inaweza kuwa safi kabisa, isiwe na tarakimu hata moja iliyokosewa, na dhuluma ikabaki palepale.

Mwaka 2019 Ziad Obermeyer na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa programu iliyotumika Marekani kuchagua wagonjwa wanaostahili uangalizi wa ziada. Rangi ya mgonjwa haikuwemo katika hesabu zake. Kilichotabiriwa kilikuwa gharama za matibabu. Sasa tazama mistari miwili ya jedwali la namna hiyo. Wagonjwa wawili wana kisukari cha kiwango kilekile, lakini matibabu ya mmoja yaligharimu fedha nyingi kwa sababu alifika kliniki kila alipougua na akapewa kila kipimo, na ya mwenzake yaligharimu fedha kidogo kwa sababu hakuwa na njia ya kufika, au alifika asisikilizwe. Katika safu ya gharama tarakimu zote mbili ni za kweli, na mhasibu hana cha kusahihisha. Modeli ikiulizwa ni nani atakayegharimu zaidi, itajibu vizuri sana. Tatizo ni kwamba mtu fulani, pengine mchana mmoja wenye kazi nyingi, aliamua kwamba gharama isimame mahali pa ugonjwa. Watafiti walikadiria kwamba kasoro hiyo, iliyowaumiza zaidi wagonjwa weusi, ikiondolewa, sehemu ya wagonjwa weusi miongoni mwa wanaopewa msaada ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Chuki haikuhitajika popote.

Lipo jambo linalonikera zaidi, nalo ni dhana kwamba haki ni kipimo kimoja ambacho mashine bora itakifikia siku moja. Mwaka 2016 ProPublica, chombo cha habari za uchunguzi cha Marekani, ilichunguza COMPAS, programu ya kukadiria uwezekano wa mshtakiwa kurudia uhalifu, katika kaunti ya Broward, Florida. Ilikuta kwamba miongoni mwa wasiorudia uhalifu, watu weusi walikuwa wamewekwa katika kundi la hatari karibu mara mbili zaidi ya weupe. Watengenezaji wakajibu kwamba watu wenye alama sawa hurudia uhalifu kwa viwango vinavyokaribiana, wawe weusi au weupe. Kila upande ulikuwa na hesabu zake, na hesabu zenyewe ziliwezekana kuwa kweli kwa pamoja. Baadaye watafiti Jon Kleinberg na wenzake, na Alexandra Chouldechova kwa njia yake, walithibitisha kihisabati kwamba viwango vya matukio (hapa, vya kurudia uhalifu) vikitofautiana kati ya makundi, na utabiri usipokuwa kamilifu, vipimo hivyo viwili haviwezi kutimizwa pamoja. Kompyuta yenye kasi zaidi haitakuokoa hapo. Lazima mtu achague kosa limwangukie nani, na uchaguzi huo hautoki katika data.

Ndiyo maana siitafuti tofauti ya binadamu na mashine katika uwezo wa akili. Bingwa wa sataranji Garry Kasparov alishindwa na kompyuta ya Deep Blue mwaka 1997, na Lee Sedol, bingwa wa mchezo wa Go, akashindwa na programu ya AlphaGo mwaka 2016. Kila mpaka tuliouweka kwa kigezo cha uwezo umesogezwa. Ninachokiona kimebaki ni kuulizwa "kwa nini" na kulazimika kujibu kwa namna ambayo jibu baya litakugharimu. Mwaka 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, lilikataa utetezi wa Air Canada uliokaribia kusema kwamba roboti ya mazungumzo ya tovuti yake, iliyompotosha abiria, iwajibike yenyewe. Sijui wangeitoza nini.

Hata hivyo, hoja yangu ina tundu. Kampuni si binadamu, na bado huwajibishwa. Kwa hiyo huenda uwajibikaji ni mpango wa kisheria tu, na si sifa ya utu wetu. Tena, afisa anayewekwa "kusimamia" mashine mara nyingi huona alama imeshaandikwa kwa rangi nyekundu, kitufe cha kukubali kinachobonyezwa mara moja, na fomu ndefu ya maelezo akitaka kukataa, huku majalada mengine yakimngoja. Kwenye karatasi ameamua binadamu.

Kwa hiyo ninapokagua mifumo ya namna hii, mimi huanza kwa kuuliza ni nani aliyechagua kinachotabiriwa, na ni nani aliyekubali kosa limwangukie nani. Mteja hunielekeza kwa timu ya kiufundi, nayo timu ya kiufundi hunirudisha kwa mteja.