Mtajo na mlinganyo: tofauti iko wapi?

Jioni moja mtoto wa jirani aliniletea daftari lake la hisabati, swali moja limepigwa mkasi mwekundu na yeye haelewi kwa nini. Swali lilisema: Rahisisha 3x + 5x + 4. Alianza vizuri, akapata 8x + 4. Kisha akaongeza "= 0", akahamisha 4, akagawanya kwa 8, akaandika x = −½. Hatua zote hizo za mwisho amezifanya bila kukosea. Ila ile sifuri hakupewa na mtu. Ameitoa kichwani mwake.

Kosa hili nimeliona kwenye madaftari mengi, na si la uvivu. Mtoto kazoea kwamba palipo na x lazima itafutwe. Hajaambiwa kwamba 8x + 4 ni mtajo, na mtajo hauna x ya kutafuta.

Mtajo wa aljebra, ambao wengine huuita usemi, ni namba na herufi zilizounganishwa kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawanya. Jina lake linajieleza: unataja kiasi, basi. Nikikwambia "bei ya nazi tatu pamoja na nauli" halafu nikanyamaza, utaningoja nimalize. Huwezi kuniambia ni kweli wala ni uongo, kwa sababu bado sijasema jambo.

Tuiandike sasa. Nazi moja tuseme ni shilingi x, na nauli ya kwenda sokoni na kurudi ni shilingi 1,200. Kiasi nilichotaja ni 3x + 1,200. Nazi ikiwa shilingi 800, nimetumia 3,600. Ikipanda hadi 1,500, nimetumia 5,700. Bei yoyote utakayoweka mahali pa x, mtajo utakupa jibu lake, na hautagombana nawe. Unachoweza kuufanyia ni kuurahisisha, au kutafuta thamani yake ukishapewa x.

Sasa nimerudi nyumbani, nahesabu chenji, nagundua nimetumia shilingi 4,200 kamili. Hapo sentensi imekamilika: bei ya nazi tatu pamoja na nauli ni shilingi 4,200.

3x + 1,200 = 4,200

Huu ndio mlinganyo. Ndani ya jina lake mna kulingana: mitajo miwili, mmoja kushoto na mmoja kulia, na katikati alama inayodai kwamba pande hizi ni sawa. (Namba peke yake, kama 4,200, nayo ni mtajo.) Dai linaweza kuwa kweli au uongo. Ukiweka 800, kushoto unapata 3,600, si kweli. Ukiweka 1,500 umepitiliza. Ondoa 1,200 pande zote mbili, zibaki 3x = 3,000; gawanya pande zote kwa 3, x = 1,000. Rudisha 1,000 kwenye mlinganyo wa mwanzo uone: 3,000 na 1,200 ni 4,200. Inakubali, na ni bei hiyo peke yake inayokubali.

Tunagusa pande zote mbili kwa sababu ile ile ya mizani ya mawe sokoni: ukipunguza sahani moja tu, inalala upande.

Alama yenyewe ya "=" ilianza kuchapishwa mwaka 1557, katika kitabu cha Robert Recorde wa Wales, aliyechoka kurudia maneno "ni sawa na". Alichora mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja, akaeleza kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Milinganyo ilikuwapo zamani kabla yake. Mwanahisabati Al-Khwarizmi, kule Baghdad katika karne ya 9, aliiandika yote kwa maneno, bila x hata moja, na neno lake al-jabr, kurejesha kilichopunguzwa, ndilo lililotupa aljebra. Kwa Kiarabu neno hilo hilo hutumika pia kwa kuunga mfupa uliovunjika.

Kuna mahali pamoja panapowatatiza hata wanaoelewa. Ukirahisisha, unaandika 3x + 5x + 4 = 8x + 4. Alama ya usawa imo. Je, mtajo umegeuka mlinganyo wa kutafutia x? Jaribu x yoyote. Kwa 1, kushoto ni 12 na kulia ni 12. Kwa 10, pande zote ni 84. Dai hili ni kweli kwa kila namba, maana ni kiasi kile kile kimeandikwa kwa namna mbili, kwa hiyo halikupi x. Mtoto wa jirani alipoziona zile 12 na 84 zikilingana, alifuta "= 0" na kila kilichoifuata, akaacha 8x + 4 peke yake.