Belle and Sebastian: mambo yanayosemwa sana kuhusu bendi hii ya Glasgow na ukweli wake

Kila Belle and Sebastian wakitajwa kuna maneno yanazunguka yale yale, na mengine yanarudiwa hata na watu wanaowapenda kabisa, kwa hiyo ngoja tuyaweke sawa maana hii bendi inastahili kuelezewa vizuri.

Kuna wanaodhani ni wawili tu, dada Belle na kaka Sebastian. Hapana. Jina limetoka kwenye hadithi ya watoto ya Kifaransa, bendi yenyewe ni ya watu kadhaa na mtunzi mkuu ni Stuart Murdoch. Hilo dogo, tupite.

Kubwa ni hili la "bendi huru". Watu wengi wakisikia huru wanajua ni bendi isiyo na lebo, yaani kampuni ya kutoa na kuuza muziki wao, wanajirekodia chumbani wanajiuzia wenyewe mtaani, halafu wakigundua Belle and Sebastian walikuwa na lebo tangu mwanzo wanasema aah kumbe huru ya wapi. Sasa sikiliza ilivyokuwa. Albamu yao ya kwanza, Tigermilk, ilitoka 1996 kama kazi ya darasani! Chuo cha Stow pale Glasgow kilikuwa na kozi ya biashara ya muziki na wanafunzi walikuwa wanatoa rekodi moja kwa mwaka kupitia lebo ya chuo, Electric Honey, kwa kawaida ni singo tu, yaani wimbo mmoja mmoja, ila hawa walikuja na nyimbo za kutosha albamu nzima. Walirekodi kwa siku chache, zikachapwa santuri 1,000, basi. Mwaka huo huo wakaenda Jeepster, lebo ndogo ya London, wakatoa If You're Feeling Sinister. Baadaye Rough Trade, na Marekani Matador. Zote lebo huru, yaani haziko chini ya yale makampuni makubwa yanayoshika soko. Uhuru wao ulionekana kwenye maamuzi: wimbo gani utoke, nani apigwe picha, mahojiano yafanyike au yasifanyike. Angalia makava yao ya mwanzo, picha kachukua Murdoch mwenyewe, rangi moja tupu, Sinister nyekundu yote, The Boy with the Arab Strap kijani yote. Lebo kubwa ingekubali kweli kava la bendi changa la namna hiyo? Sidhani.

Halafu eti chemba pop, aina ya muziki wanaopiga, ni muziki wa wenye hela, lazima ukodi okestra. Si kweli kabisa. Chemba pop ni pop yenye vayolini, selo, tarumbeta, kinanda, lakini kwa hawa vyombo hivyo vilipigwa na wanabendi wenyewe na marafiki zao. Selo alikuwa anapiga Isobel Campbell, tarumbeta Mick Cooke, vayolini Sarah Martin, tena Sarah na Stevie Jackson wa gitaa wanaimba pia. Sikiliza wimbo wa kwanza wa Tigermilk, unaanza na sauti ya Murdoch na gitaa tu, kama mtu anakusimulia kitu pembeni, wengine wanaingia taratibu mpaka unajikuta uko katikati ya bendi nzima na hukujua waliingia saa ngapi. Kinachofanya kazi pale ni mpangilio, hela ya okestra haipo.

Linaloniuma zaidi ni wanaosema nyimbo zao ni laini kwa sababu wanajifanya wanyonge. Murdoch aliugua ugonjwa wa uchovu sugu kwa miaka, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 80, hawezi kazi, hawezi masomo, na ameshasema wazi kwamba ni kwenye kipindi hicho ndipo alipoanza kutunga nyimbo. Ule upole unatoka kwa mtu aliyelazwa na mwili wake muda mrefu akawa anaangalia watu wengine wanavyoishi, ndio maana nyimbo zake zimejaa wahusika wenye majina na shida zao, huwezi kuita hiyo maigizo.

Kuhusu tuzo ya BRIT ya 1999, zile tuzo kubwa za muziki za Uingereza, wapo wanaosema ilichakachuliwa. Walishinda kwa kura za wasikilizaji, wakawapita kundi la pop la Steps waliokuwa wanauza sana, na mashabiki wao walikuwa wameshazoea intaneti mapema wakapiga kura kwa wingi. Cha ajabu tuzo ilikuwa ya wasanii wapya, wakati wao walikuwa na albamu tatu tayari! Na 1997 walitoa EP tatu, yaani rekodi fupi za nyimbo chache, ambazo karibu nyimbo zake zote hazikuwa kwenye albamu, moja ikafika namba 41 Uingereza, nje kidogo tu ya 40 bora, ni ile ambayo mwimbaji Monica Queen anaimba na Murdoch na kinanda kinapanda mpaka mwisho. Bendi inayokimbilia chati ingeiweka kwenye albamu haraka sana.

Wengine wanasema: "Waliuza uhuru wao 2003 walipofanya kazi na prodyuza Trevor Horn." Hapana, walikuwa Rough Trade, lebo huru vile vile, na prodyuza wa hit kubwa hakuwaondolea utunzi wao. Ngoma zilisikika vizuri zaidi, sauti zikasogea mbele, mimi naona walihitaji hilo.

Na eti waliisha na miaka ya 90. 2022 walitoa A Bit of Previous, mpango ulikuwa wakarekodi California, korona ikazuia, wakageuza sehemu yao ya mazoezi Glasgow kuwa studio. Nyimbo zikawa nyingi mpaka Januari 2023 wakatoa albamu nyingine, Late Developers, wakiitangaza siku chache tu kabla haijatoka.