Viazi vitamu vya Wamaori havikuoteshwa na hekaya

Mwaka 2021 maprofesa saba wa Chuo Kikuu cha Auckland waliandika barua katika jarida moja la New Zealand, wakisema maarifa ya jadi ya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, si sayansi. Mjadala ukawaka, na wengi walioufuatilia kwa mbali wakaondoka wakiamini kwamba maarifa hayo ni ngano za mababu tu. (Hata barua yenyewe haikufika huko.)

Tazama kiazi kitamu, wanachokiita kūmara. Ni zao la nchi za joto. Wahenga wao walikuja nalo kwa mitumbwi kutoka visiwa vya Polinesia, wakakuta New Zealand kuna baridi inayoua miche. Kando ya mto Waikato walichimba mchanga na changarawe, wakavichanganya na udongo wa shamba ili upate joto na usituamishe maji. Viazi vya mbegu walivifukia kwenye maghala ya chini ya ardhi yaliyoezekwa, hadi baridi ipite. Yote hayo yalifanyika kabla nahodha Mwingereza James Cook hajatia nanga huko mwaka 1769, na hakuna anayefika hapo bila kujaribu, kuharibikiwa na kujaribu tena.

Kudai kwamba kila simulizi ni sayansi nako ni kupotosha. Kisa cha Tāne, mungu wa Wamaori, kuwatenganisha Mbingu na Dunia, wazazi wake, si jiolojia, wala hakijapungukiwa chochote kwa hilo. Ila ukitaka kujua changarawe ile iliongeza nyuzi ngapi za joto, chukua kipimajoto.