Kwa nini makumbusho huandika kimo kabla ya upana?

Katika katalogi nyingi, mchoro wa Mona Lisa huandikwa hivi: sm 77 × 53. Hakuna neno linaloeleza ipi ni ipi, lakini mtu aliyezoea kazi ya makumbusho anajua papo hapo kwamba mchoro huo umesimama, haukulala. Anajua kwa sababu majumba mengi ya makumbusho duniani huanza na kimo, kisha upana, halafu kina ikiwa kitu kina umbo la kuzungukwa, kama sanamu. Mchapaji wa vitabu anaweza kuzisoma tarakimu hizo kinyume, maana wachapaji wengi na watengenezaji wa picha za kompyuta huanza na upana. Ukimwagiza fundi sanduku la kusafirishia mchoro bila kumweleza ipi ni ipi, usishangae likija limelala.

Kimo kutangulia ni makubaliano tu. Tungeanza na upana mambo yangekwenda vilevile, mradi kila ukurasa wa katalogi uanze na upana. Kinachoharibu ni kuchanganya. Ikiwa aliyeorodhesha miaka ya sitini alianza na upana, na aliyempokea akaanza na kimo, basi hakuna kipimo hata kimoja katika daftari lile unachoweza kukiamini bila kwenda ghalani na kupima upya, hata kama wote wawili walipima kwa uangalifu mkubwa.

Mchoro, tena, ndio rahisi. Chukua siwa, lile baragumu kubwa la watawala wa pwani. Ya Pate ni ya pembe za ndovu, ya Lamu ni ya shaba, na zote mbili zimepinda. Urefu wa siwa ni upi? Ukipitisha utepe juu ya mgongo wake, kwa kufuata mpindo wa nje, unapata jibu moja. Ukinyoosha kamba kutoka ncha hadi ncha, unapata jibu lingine, fupi zaidi. Yote mawili ni kweli. Anayetengeneza kabati la kioo anahitaji la pili, na anayechunguza ukubwa wa pembe zilizotumika anahitaji la kwanza. Kwa hiyo katalogi nzuri haiandiki “urefu” peke yake. Inaandika “urefu kwa mpindo wa nje” na “urefu wa ncha hadi ncha”, kila kimoja kwa nafasi yake.

Kanga nayo ina swali lake. Wataalamu wengi wa vitambaa hupima kwanza upande wa mtande, yaani nyuzi zinazotandazwa kwenye kitanda cha mfumi, ndipo wapime upande wa mshindio. Huo ni utaratibu mzuri kwa nguo ya kufumwa kwa mkono. Kwa kanga ya kiwandani naona ni wazi zaidi kuandika “upande wa jina” na “upande wa pili”, kwa kuwa yeyote mwenye kanga mbele yake ataona jina limekaa upande gani, na hatahitaji kioo cha kukuzia nyuzi. Mlango wa Unguja wa kuchongwa unauliza kama umepimwa pamoja na miimo na kizingiti au mbao zake tu. Ngoma ina kipenyo cha uso na kipenyo cha kitako, na mara nyingi havilingani. Sarafu za shaba za Kilwa zinataka kipenyo kwa milimita na uzito kwa gramu, kwa sababu kwa kitu kidogo namna ile sentimita nzima ni kipimo kikubwa mno.

Hapa ndipo wanaoandika katalogi kwa Kiswahili wanapokutana na jambo ambalo miongozo ya kigeni haiwasaidii. Kwa Kiingereza watu wameridhika na herufi H, W na D, ingawa hata kwao D inaweza kuwa kina au kipenyo. Kwetu ufupisho wa namna hiyo unakwama mapema zaidi. Kimo, kina na kipenyo vyote vinaanza na K. Urefu, upana, unene na uzito vyote vinaanza na U. Mstari unaosema “U 45, U 30, K 12” hauwezi kufumbuliwa hata na aliyeuandika, akishapitisha miaka miwili. Dawa yake ni kuandika neno zima, kila mara, bila kuogopa kujaza nafasi. Na kwa kuwa neno urefu tunalitumia kwa mtu na kwa barabara pia, katalogi iweke kanuni yake ukurasa wa kwanza: kinachosimama kinapimwa kimo, kinacholala kinapimwa urefu. Sanamu ina kimo, upinde una urefu. Kiti cha enzi kina kimo, upana na kina. Kanuni hiyo ikishaandikwa, mfanyakazi mpya hana haja ya kubahatisha.

Vipimo vyenyewe vina mitego yao. Vitabu vyetu vya shule huandika sm, na alama ya kimataifa ni cm. Mimi ningeweka cm kwenye kompyuta, ambako kumbukumbu zitasomwa na makumbusho ya nje, na sm kwenye kibandiko cha ukumbini, mbele ya wanafunzi. Kilicho kibaya ni kuwa na zote mbili ndani ya safu moja. Vilevile tarakimu ikae safu yake na kizio, yaani cm au inchi, kikae safu yake. Ukiandika “9 cm” na “10 cm” kama maneno, kompyuta itavipanga kwa herufi na kuiweka 10 mbele ya 9. Siku utakapotaka kujua ni vitu vingapi vinapita mlango wa ghala jipya, orodha yako haitakujibu.

Halafu kuna nukta na mkato. Mtu wa Nairobi au Dar es Salaam akiona 1,250 atasoma elfu moja mia mbili na hamsini. Wa Lubumbashi, aliyesoma kwa Kifaransa, anaweza kusoma moja na robo. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani wa kimataifa uliamua mwaka 2003 kwamba alama ya desimali inaweza kuwa nukta au mkato, ila maelfu yasitenganishwe kwa chochote kati ya hivyo viwili. Yatenganishwe kwa nafasi, yaani 1 250. Kwa makumbusho yanayoazimana vitu kuvuka mipaka, hiyo ni kanuni ya kushika leo leo.

Madaftari ya zamani yamejaa inchi, futi, na huku pwani hata frasila, ambayo ilikuwa kama ratili 35, karibu kilo 16. Kuyageuza ni lazima, lakini kwa adabu. Inchi moja ni sm 2.54 kamili, kwa hiyo futi 5 zinatoka sm 152.4. Lakini aliyeandika “futi 5” huenda alikadiria kwa macho, na hiyo nne ya mwisho inajidai uhakika ambao yeye hakuwa nao. Andika “takriban sm 152”, kisha weka pembeni maneno ya daftari kama yalivyo. Usiyafute kamwe. Siku mtu atakapogundua kosa la kugeuza, maneno yale ya kwanza ndiyo yatakayomrudisha njiani.

Je, uangalifu wote huu ni wa nini? Sababu ninayoona kubwa kuliko zote ni wizi. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alipiga picha ya vigango viwili katika nchi ya Wamijikenda, pwani ya Kenya. Kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa kwa ajili ya mzee aliyefariki, na roho yake huheshimiwa hapo. Muda mfupi baadaye viwili hivyo viliibwa. Vilikuja kuonekana kwenye makumbusho Marekani, kimoja Illinois, kingine Chuo Kikuu cha Hampton huko Virginia. Picha ile ndiyo iliyothibitisha kwamba ni vyenyewe, na kufikia mwisho wa mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi Kenya.

Vigango vingi havikupata bahati ya kupigwa picha. Kwa sababu ya wizi wa namna hii duniani kote, taasisi ya Getty ya Marekani ilianza mwaka 1993 kuandaa kiwango cha kimataifa kiitwacho Object ID, kilichozinduliwa mwaka 1997 na sasa kusimamiwa na Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM. Ni orodha fupi ya mambo ambayo polisi na forodha wanahitaji ili kukitambua kitu kilichoibwa: picha, aina ya kitu, malighafi iliyokitengeneza, alama za pekee, na vipimo. Kwa vipimo inadai utaje kizio na upande uliopimwa. Kwa kigango ningeongeza hili: sema kama umepima sehemu iliyozikwa ardhini au inayoonekana tu. Aliyeking'oa anauza mbao nzima, na namba ya sehemu inayoonekana peke yake haitalingana na iliyo mnadani.

Vitu pia hubadilika. Mbao hunywea kwa upana wa nyuzi zake kuliko kwa urefu, hivyo kinyago kilichotoka Mombasa penye unyevu kikakaa miaka mingi kwenye hewa kavu kinaweza kupungua milimita kadhaa ubavuni. Na kuna mabadiliko yanayoletwa na mikono yetu. Mifupa ya dinosaria mkubwa Giraffatitan ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ikapelekwa Berlin. Mwaka 1937 ilisimamishwa ukumbini, miguu ya mbele imepinda. Ilipofika 2007 ilikuwa imeundwa upya kwa kufuata elimu mpya, miguu ikanyooshwa, na sasa ina kimo cha mita 13.27, kikubwa kuliko kilivyokuwa mwanzo. Hakuna mfupa ulioota. Tena sehemu za kiunzi kile ni za kuigiza au zimetoka kwa wanyama wengine, hivyo mita 13.27 ni kimo cha kiunzi jinsi kilivyosimamishwa. Mwanafunzi wa Lindi atakayekuta vitabu viwili vyenye namba mbili tofauti ataelewa kilichotokea ikiwa tu kila namba imeandikwa pamoja na mwaka wa kupimwa, kilichopimwa, na jina la aliyeshika utepe.