Pomboo si samaki, sawa. Na silikanti je?

Juzi tena, Feri hapa Mtwara, kijana aliyemaliza kidato cha nne alimcheka mvuvi mmoja mzee kwa kumwita pomboo samaki. "Babu, huyo mamalia, ananyonyesha!" Watu wakaangua kicheko, mzee akanyamaza. Nimeyashuhudia haya mara nyingi mno. Naandika kwa sababu kijana ndiye aliyekosea zaidi.

Pomboo ni mamalia, ndiyo. Linnaeus, Mswidi aliyeweka mfumo wa majina ya viumbe, aliwatoa nyangumi na pomboo kwa samaki tangu 1758, hilo limekwisha. Kosa ni kudhani kwamba samaki waliobaki ni ukoo mmoja.

Mchukue silikanti, samaki mkubwa wa kale wa kina kirefu, yule aliyenaswa na jarife Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003. Shika pezi lake la kifuani. Halikuota moja kwa moja ubavuni kama la changu. Lina shina nene la nyama, na ndani yake mfupa mmoja umeungana na bega, kama ulivyo mfupa wa juu wa mkono wako. Ni urithi. Babu wa silikanti na wako ni mmoja, na babu huyo alikuwa ameshaachana na ukoo wa changu. Papa alijitenga mapema zaidi. Kwa hiyo silikanti yu karibu nawe, na mbuzi, na pomboo, kuliko na changu aliye kwenye ndoo.

Tunaomfuata Hennig, mwanabiolojia Mjerumani aliyepanga viumbe kwa nasaba, tunakubali kundi likiwa na babu mmoja pamoja na vizazi vyake vyote. Ukiwaita silikanti na changu samaki, humtoi pomboo, wala humtoi kijana mwenyewe. Kunyonyesha kunamweka pomboo na mbuzi. Hakuwafanyi wasionyonyesha kuwa ndugu. Watu wawili hawawi ndugu kwa kuwa wote hawana baiskeli!

Mzee alipanga viumbe kwa makazi na kwa nyavu zinazowanasa. Upangaji huo unamfaa kazini, na hakudai kwamba ni nasaba.

Ninapokwama mimi ni kwenye spishi, yaani wapi aina moja ya kiumbe inaishia na nyingine inaanza. Silikanti wa Indonesia alipewa jina lake 1999. Yeye ni wa kahawia, wetu ni wa buluu. Umbo karibu lilelile, na kilichowatenga hasa ni DNA. Tofauti kiasi gani inatosha? Hatuwezi kuwaweka pamoja tuone kama watazaana. Darasani naandika majina mawili ubaoni, na mwanafunzi akiuliza mpaka uko wapi, namwambia tumeuchora sisi.